Mama Anapojinyoa Mwenyewe

Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, iwe ni mwanzo wa Januari au wa Julai, nyua nyingi za mji wa Songea hugeuka kuwa vibanda vya kinyozi. Kuanzia Mfaranyaki hadi Lizaboni, na kutoka Bombambili hadi Msamala, utakuta kigoda kimewekwa uani penye mwanga, mtoto ameketi juu yake amefunikwa khanga kuukuu mabegani, na mama amesimama nyuma yake na mkasi au mashine mkononi. Shule nyingi za serikali hutaka mwanafunzi, awe wa kike au wa kiume, awe na nywele fupi, na mzazi mwenye watoto wanne hawezi kuwapeleka wote kwa kinyozi kwa siku moja bila ya kuutikisa mfuko wake. Kwa hiyo kazi hufanyika nyumbani, tena hufanyika haraka, kwani kabla wa mwisho hajashuka kigodani wa kwanza amekwisha kwenda kucheza mpira na vipande vya nywele vimemganda shingoni.

Hayo si mageni kwa msomaji yeyote aliyelea watoto. Jambo linalostahili kuzungumzwa katika ukurasa huu ni lile linalofuata, pale mama huyo huyo anapoketi kigodani baada ya watoto kutawanyika, akakiegemeza kioo ukutani, na kuzipunguza nywele zake mwenyewe hadi zikabaki fupi kama za wanawe. Kesho yake, sokoni au kazini, atakutana na swali moja kutoka kwa watu kumi: amefiwa na nani?

Swali hilo halitoki hewani. Katika makabila mengi ya nchi yetu kunyoa nywele ni sehemu ya matanga, na kichwa cha mwanamke kilichonyolewa huwa ni tangazo la msiba ambalo halihitaji kusomwa redioni. Hata miongoni mwa misuko, ule ulio rahisi kuliko yote, wa mistari iliyonyooka kuelekea kisogoni, umepewa jina la twende kilioni, kana kwamba mwanamke asiyejipamba sana hana safari nyingine ila ya makaburini. Mwanamume, kwa bahati yake, haulizwi kitu. Akinyoa kipara watu husema amependeza, au hucheka chini kwa chini kwamba anaficha mvi.

Tena kichwa cha mwanamke kimekuwa na wenyewe wengi. Shule huamua urefu wa nywele za msichana. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963, nalo lina taratibu zake, na binti anayekwenda katika kambi ya Mlale hapa hapa Ruvuma huziacha rasta zake nyumbani. Chama nacho hakikukaa kimya: mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, lililoanza kutekelezwa mjini Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969, na miongoni mwa vitu vilivyopigwa vita, pamoja na sketi fupi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi, yalikuwamo mawigi. Wenzetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa waliona makubwa zaidi. Sheria ya Malawi ya mwaka 1973 iliwakataza wanawake kuvaa suruali na sketi fupi, ikawakataza wanaume kufuga nywele ndefu, na haikuondolewa hadi miaka ya mwanzo ya 1990. Katika historia ya namna hiyo, mwanamke anayejikalisha kigodani kwa hiari yake, bila ya msiba, bila ya mwalimu wala afande, anafanya jambo dogo lenye uzito wake.

KWA NINI HUKATA

Sababu ya kwanza ni ya mfuko, na hapana haja ya kuionea haya. Mama anayesuka hulipa msusi, hununua nywele za kuongezea, na baada ya wiki chache hufumua na kuanza upya. Anayeweka dawa hulipa dawa, na mizizi inapoota hulipa tena. Ya pili ni ya muda. Rasta nyembamba huweza kumkalisha mtu kutwa nzima, na kwa mfanyakazi mwenye Jumapili moja tu katika wiki, mwenye nguo za kufua na maharage ya kuchambua, kutwa hiyo haipatikani hivi hivi.

Lakini sababu iliyo nzito kuliko hizo ni kichwa chenyewe kuchoka. Nywele zinazovutwa kwa nguvu mwaka baada ya mwaka hurudi nyuma, kuanzia kwenye paji na panja. Mwanzoni huwa ni maumivu na vipele vidogo siku ya kwanza ya msuko, ambavyo wengi wetu tumefundishwa kuvivumilia kuwa ndiyo gharama ya urembo. Baadaye hubaki vinyweleo vyembamba, na mwishowe ngozi tupu inayong'aa. Hatua ya mwanzo hurekebika msuko wa kubana ukiachwa. Ya mwisho haina dawa rahisi, kwani mashina ya nywele yamekwisha kufa na mahali pake pamekuwa kovu.

Dawa za kulainisha nywele nazo zina mambo yake. Nyingi zina hidroksidi ya sodiamu au ya kalsiamu, na hufanya kazi kwa kuvunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele mkunjo wake. Unywele uliovunjwa hivyo haurudii hali yake. Hubaki umenyooka hadi utakapokatwa au kukatika wenyewe, na aghalabu hukatika pale unywele mpya wa kipilipili unapoungana na ule wa zamani. Ndiyo maana mwanamke anayetaka kurudia nywele zake za asili, asipokuwa na subira ya kupunguza ncha kidogo kidogo kwa mwaka au miaka miwili, huona afadhali azikate zote siku moja.

Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi uliowafuata wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Wale waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mji wa mimba kwa zaidi ya mara mbili ya wasiozitumia. Watafiti wenyewe walieleza kwamba saratani hiyo si ya kawaida sana: walikadiria kuwa kufikia umri wa miaka 70 huwapata asilimia 1.64 ya wasiotumia dawa, na asilimia 4.05 ya watumiaji wa mara kwa mara. Uchunguzi wa aina hiyo huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, wala hauthibitishi kwamba moja ndilo lililozaa jingine. Hata hivyo, mama aliyezisikia habari hizo akaamua kuchukua mkasi hastahili kuchekwa.

Wala asidhani kwamba yeye ni wa kwanza. Miriam Makeba, mwanamuziki wa Afrika Kusini ambaye aliutangaza wimbo wa Malaika mbali na pwani yetu, alipofika Marekani mwaka 1959 alipanda majukwaani na nywele zake fupi za asili, wakati ambapo wanawake wengi weusi wa huko walizinyoosha zao kwa dawa na kitana cha moto. Hakuna aliyemuuliza kama amefiwa.

KISOGO

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na waliopenda kukamilisha maneno waliongeza kwamba akijinyoa hujikata. Methali hiyo hutumika siku zote kwa mafumbo, kumkumbusha mtu kwamba hata mwenye ujuzi huhitaji wenzake. Katika shughuli tunayoizungumza yafaa ichukuliwe neno kwa neno. Kinyozi wa miaka ishirini hawezi kujinyoa kisogo vizuri kwa sababu hakioni, na mkono uliopindwa nyuma ya kichwa hauna utulivu wala mwelekeo ule ule. Kioo nacho humchanganya mtu, kwani mkono unapotaka kwenda mbele, kivuli chake hurudi nyuma, na mashine huzama mahali isipotakiwa.

Rai yangu ni kwamba mama ajinyoe mbele, pembeni na utosini, na kisogo akikabidhi kwa mkono wa mwingine: dada, jirani, au binti aliyekwisha kuwa mkubwa. Mume aliyenung'unika kwamba nywele zinakatwa ndiye anayefaa kuliko wote. Akishapewa mashine na kuambiwa anyooshe mstari wa shingoni, manung'uniko humwisha, kwa kuwa sasa na yeye ana lawama yake ya kuogopa. Anayeishi peke yake, asiyekuwa na wa kumwita, atumie vioo viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, na huko nyuma aziache nywele ndefu kidogo kuliko sehemu nyingine. Kosa likitokea patakuwa na kitu cha kurekebishia.

Kazi ifanyike mchana, karibu na dirisha au uani, wala isiachiwe taa ya usiku inayotia vivuli upande mmoja. Nywele zioshwe, zikaushwe kabisa, zichanuliwe kwa chanuo lenye meno mapana hadi zisimame zote. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Nywele za kipilipili zikiwa na maji hurefuka, na zikikauka hujikunja hadi nusu ya urefu ule au chini ya hapo, hivyo anayezikata zikiwa mbichi kwa kukusudia zibaki na urefu wa kidole hushangaa jioni kuona zimebaki kama za mtoto wa darasa la kwanza. Maji yana kazi yake kwa anayenyoa kwa wembe, na bila shaka ndiyo asili ya ile methali ya mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kwa mkasi na mashine, kavu ni bora.

Mwenye nywele ndefu aanze na mkasi, akatoe sehemu kubwa kwanza, kwani mashine ikiingizwa katika nywele nyingi huzing'oa badala ya kuzikata. Asiye na mashine anaweza kumaliza kazi yote kwa mkasi na kitana. Kitana hulazwa juu ya ngozi, huinuliwa hadi urefu unaotakiwa, na mkasi hukata zile tu zilizojitokeza juu ya meno yake. Ni kazi ya polepole, na ndiyo iliyowanyoa babu zetu. Kabla Songea haijaunganishwa na gridi ya taifa, jambo lililofanyika mwishoni mwa miaka ya 2010, mji huu uliishi kwa mitambo ya dizeli na giza lisilotabirika, na mashine ya mkono, ile inayominywa kama koleo, ilikuwa ni mali ya kutunzwa kabatini. Siku hizi mashine ndogo za kuchaji zinapatikana madukani, na umeme ukikatika katikati ya kichwa si lazima mtu avae kilemba hadi kesho.

Mashine huja na vichana vidogo vya plastiki vinavyopachikwa kwenye meno yake, na kila kimoja kina namba. Kwa kawaida namba 1 huacha nywele za milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 karibu milimita 10, na namba 4 karibu milimita 13. Anayejinyoa kwa mara ya kwanza aanze na namba kubwa, kichwa kizima, kisha ajitazame. Kupunguza tena kunawezekana. Kurudisha ni suala la miezi. Mashine ipitishwe kwa kuelekea kule nywele zinakotokea, yaani kutoka shingoni kwenda juu na kutoka sikioni kwenda utosini, na pale utosini zinapoota kwa kuzunguka ipitishwe kutoka pande zote. Sikio likunjwe mbele kwa kidole. Kila baada ya dakika chache meno ya mashine yaguswe kwa kifundo cha mkono, na yakiwa ya moto ipumzishwe.

Kwenye mstari wa paji ninaomba mkono uwe mwepesi. Vijana wa vibandani wana ufundi wa kuuchonga mstari huo ukawa kama umepigwa rula, nao hupendeza kwa siku tatu. Mama anayejaribu kuuiga nyumbani husogeza upande wa kulia, akaona wa kushoto umebaki, akausogeza wa kushoto, na kwa mtindo huo paji la uso hupanda hadi akawa na komwe asilozaliwa nalo. Mungu ameuchora mstari huo vizuri, uachwe.

WEMBE WA NYUMBA NI WA NYUMBA

Jambo ambalo lingetosha peke yake kumfanya mtu awe na mashine yake ni afya. Virusi vya homa ya ini aina B huweza kubaki hai nje ya mwili, katika tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni, kwa muda usiopungua siku 7. Tangu Ukimwi ulipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983 tumeambiwa tusishirikiane wembe, na wengi tumeelewa. Lakini watu husahau kwamba mashine nayo hukwaruza, na kwamba ndugu na majirani ni watu kama wengine. Mashine inayozunguka nyumba sita za mtaa mmoja kila mwisho wa likizo imekwisha kuwa ya kibandani, ila haina kinyozi wa kuisafisha.

Kwa watoto hatari iliyo karibu zaidi ni mapunye. Ugonjwa huu huletwa na kuvu, huambukizwa kwa vitana, kofia na mashine, na hujionyesha kwa mabaka ya duara yenye magamba, ambamo nywele hukatika zikabaki vituta. Akina mama wengi hupaka dawa ya ngozi, baka likafifia, kisha likarudi. Sababu ni kwamba kuvu hao wamejificha ndani ya shina la unywele, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kama vile griseofulvini, kwa wiki sita au zaidi, na ya kuandikiwa na mganga. Mwenye mtoto wa namna hiyo amfikishe katika zahanati au Hospitali ya Mkoa, na walio upande wa magharibi ya mji wana hospitali ya misheni ya Peramiho. Hadi atakapopona, mashine isitoke kichwani kwake ikaenda kwa nduguye.

Usafishaji wenyewe hauchukui hata dakika tano. Plagi ikishachomolewa, vipande vya nywele vipigwe brashi vyote, kwa sababu spiriti haiwezi kufanya kazi juu ya uchafu. Kisha meno yafutwe kwa spiriti ya asilimia 70, mbali na jiko la mkaa, na yaachwe yakauke yenyewe. Mwisho, tone moja la mafuta ya cherehani. Atazame pia kwamba ule wembe wa mashine unaotembea haukuchomoza mbele ya ule uliotulia. Ukichomoza, utakata ngozi. Nyembe zilizotumika zitiwe ndani ya kopo lenye kifuniko, wala zisitupwe hivi hivi jalalani ambako watoto huchezea.

Nywele zetu zilizojikunja zina tabia moja zaidi. Zikinyolewa hadi usawa wa ngozi, ncha yake kali hujipinda na kuingia tena ndani, hasa shingoni nyuma, ikaleta vipele ambavyo kwa baadhi ya watu hugeuka kuwa makovu magumu yasiyoondoka. Mwenye dalili hizo asipitishe wembe kisogoni hata kidogo, aache milimita mbili au tatu.

Baada ya yote hayo kichwa huoshwa, hupakwa mafuta kidogo, na mwenye kichwa hugundua kwamba Songea ni mji wa baridi. Aliyenyoa mwezi Juni atafute kofia ya sufi au kitambaa cha kufunga alfajiri, kwani upepo wa Matogoro hauna huruma na utosi mpya. Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, ziwe zimekatwa au hazikukatwa. Dhana ya kwamba kunyoa huzifanya ziote nzito hutokana na ncha iliyokatwa kuwa butu. Shina lililo ndani ya ngozi halina habari kwamba mkasi umepita. Kwa hiyo anayependa ufupi atarudi kigodani kila wiki mbili au tatu, na anayejuta atahesabu miezi sita apate kiasi cha kushikika na msusi.

Zimebaki zile zilizoanguka. Katika nyumba nyingi hukusanywa hadi unywele wa mwisho na kuchomwa au kuzikwa, kwa hofu ya kuokotwa na mtu mwenye nia mbaya. Sitabishana na hofu hiyo hapa, maana kuzichoma hutoa harufu inayowaudhi majirani na kuzizika hakumdhuru yeyote. Kwa uzito wake, karibu asilimia 15 ya unywele ni naitrojeni, kitu kile kile ambacho wakulima wa mahindi wa mkoa huu hununua katika mifuko ya mbolea. Huoza polepole, yaani kwa miezi mingi. Chini ya mgomba, kwa kina cha jembe moja, zikifunikwa na majani makavu, panatosha.